Aliletwa kwa meno ya mbele, tatizo kubwa likawa kwenye magego

Mtoto mwenye kisa hiki ni msichana wa miaka 8, mwanafunzi wa darasa la pili, mkazi wa Tanga. Aliletwa kliniki na mama yake pamoja na bibi mzaa mama. Wazazi wameniruhusu kukieleza kisa chake, na nimebadilisha mambo madogo madogo ili asitambulike. Nakieleza kwa urefu kwa sababu ndani yake kuna mambo mawili ambayo wazazi wengi huyachanganya: madhara ya kunyonya kidole yanayojirekebisha mtoto akiacha, na madhara yasiyojirekebisha hata akiacha. Mzazi akishaijua tofauti hiyo, atajua wakati wa kusubiri na wakati wa kutosubiri.

Mama alikuja na shida moja. Meno ya juu ya mbele yalikuwa yametokeza na hayakuwa yakikutana na ya chini. Shuleni wenzake walishamtungia jina, na alikuwa amezoea kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Bibi akaongeza jambo la pili, ambalo mama hakulipa uzito. Ustadhi wa chuo anakosoma Kurani jioni alikuwa akimrudisha kila siku kwenye herufi moja: sini inatoka thaa. Nyumbani kitembe cha mtoto huchekesha, anasema "thamaki" na "thukari" na watu wanamwomba arudie, lakini kwenye kisomo herufi ikibadilika maana nayo inaweza kubadilika, kwa hiyo ustadhi hakuweza kuliachia. Ndiye aliyemwambia bibi kwamba ulimi wa mtoto unapita mahali ambapo meno yalipaswa kuuzuia. Aliliona vizuri kuliko watu wengi waliokuwa wakimwona mtoto huyu kila siku.

Kidole chenyewe ni gumba la kulia, tangu uchanga. "Alizaliwa nacho mdomoni," alisema bibi, na hilo si la kutia chumvi, maana kwenye ultrasaundi huonekana watoto wakinyonya kidole wakiwa bado tumboni. Kunyonya ni silika ya kwanza ya kuishi na pia humtuliza mtoto. Wengi huacha wenyewe kati ya miaka 2 na 4, wanapopata mengine ya kujitulizia. Huyu hakuacha. Alipokuwa na miaka 5 alipelekwa kituo kimoja cha afya kwa jino linalouma, mama akaulizia na kidole, akajibiwa kwamba ataacha mwenyewe akikua. Kwa mtoto wa miaka 2 jibu hilo ni sahihi kabisa. Kwa mtoto wa miaka 5 anayenyonya usiku kucha linahitaji nyongeza moja: akikaribia 6 bado ananyonya, mrudisheni, kwa sababu meno ya ukubwani yanakaribia kutoka. Nyongeza hiyo hakupewa mtu, na miaka 3 ikapita.

Miaka hiyo nyumbani hawakukaa bure. "Nimempaka shubiri, mwanangu, nimempaka mwarobaini," bibi alinieleza. "Mwisho nikampaka pilipili. Aliinyonya huku analia, mpaka ikaisha, akalala na kidole mdomoni." Mtoto alikuwa amekaa pale pale, ameinamisha kichwa, gumba amelifungia ndani ya ngumi.

Kabla ya kumfungua mtoto mdomo huwa naomba nione mikono yote miwili. Gumba la kushoto lilikuwa kama gumba la mtoto yeyote atokaye kucheza, na vumbi kwenye kucha. La kulia lilikuwa safi kupita vidole vingine vyote, jeupe kiasi, ngozi ya ncha imejikunja kama iliyokaa majini, na mgongoni, karibu na kifundo, palikuwa na sugu ngumu ya mviringo. Sugu hiyo ni alama ya meno ya chini. Gumba linapoingia mdomoni tumbo lake huelekea juu kwenye kaakaa na mgongo hulalia meno ya chini, na hapo ngozi hukomaa. Mzazi anayeambiwa "siku hizi nanyonya kidogo tu" aitazame sugu, maana kunyonya kidogo tu hakuachi sugu ya namna hiyo.

Nilimwambia aume kwa magego na abaki hivyo hivyo. Kati ya ncha za meno ya juu ya mbele na ya chini palibaki uwazi wa milimita 5, na ulimi ulichungulia hapo. Upande wa kulia uwazi ulikuwa mkubwa zaidi, upande ule ule gumba linapoingilia. Kwa kupima kutoka mbele kwenda nyuma, meno ya juu yalitangulia ya chini kwa milimita 8, ilhali kawaida ni 2 hadi 3. Ya juu yalikuwa yameinamia nje kuelekea mdomo, ya chini yameinamia ndani kuelekea ulimi. Nikamwomba mama, ambaye alikuwa na chapati kwenye mfuko wa safari, ampe kipande. Mtoto alikipeleka moja kwa moja kwenye kona ya mdomo, akakikata kwa meno ya pembeni. Nilipomwambia akate kwa mbele alijaribu, akavuta, chapati ikatoka nzima na michirizi miwili juu yake. Mama alikuwa hajawahi kuliona hilo. Alidhani binti yake ana madaha ya kula.

Hayo ndiyo waliyonijia nayo. Niliyoyaona baadaye hayakuwemo kwenye malalamiko ya mtu yeyote.

Nilipomwambia afungue mdomo wote na kutazama juu, taya la juu halikuwa na umbo la U linalotarajiwa kwa umri wake. Lilikuwa limebanwa, linakaribia V, na kaakaa limepanda juu na kuwa jembamba. Kisha nikamwomba afunge polepole sana, nikitazama mstari wa katikati ya meno ya chini. Mdomo ukiwa wazi, mstari huo ulikuwa sawa na wa juu, na kidevu kimenyooka chini ya pua. Alipokaribia kufunga, magego ya juu na ya chini yaligusana ncha kwa ncha, taya likasita, halafu likateleza kwenda kushoto ndipo likapata pa kukaa. Alipomaliza kufunga, magego ya juu upande wa kushoto yalikuwa ndani ya yale ya chini, yaani kinyume na inavyotakiwa, na kidevu kimehama kushoto kwa milimita kadhaa.

Mtu akitazama haraka atasema kasoro iko kushoto. Sivyo. Taya la juu lilikuwa jembamba pande zote mbili. Lilipokuwa halitoshi kulifunika la chini, mtoto alijifunza, bila kujua, kulisukuma taya la chini upande mmoja ili angalau upande mwingine ukutane vizuri. Kila anapomeza mate, kila anapotafuna, taya linateleza vivyo hivyo. Kwa mtoto anayekua hilo ni jambo zito, kwa sababu mifupa na misuli ya pande mbili hukua kwa kazi isiyolingana, na kinachoanza kama mtelezo wa taya kinaweza kuishia kuwa uso uliopinda kweli.

Kidole kidogo kinawezaje kufanya haya yote? Jino haliko ndani ya mfupa kama msumari kwenye ubao. Limeshikwa na nyuzi laini, na nafasi yake inategemea uwiano wa nguvu ndogo zinazolizunguka: midomo na mashavu kwa nje, ulimi kwa ndani. Cha kushangaza ni kwamba ukubwa wa nguvu si hoja kama urefu wa muda. Unapotafuna mfupa wa mbuzi jino hubeba mzigo mkubwa sana, lakini kwa nukta tu, na halihami. Shinikizo jepesi linalodumu saa nyingi hulihamisha. Vyuoni tunafundishwa kwamba mpaka uko kwenye takriban saa 6 kwa siku. Ndiyo maana mtoto anayeweka kidole mdomoni kwa dakika chache akisinzia anaweza asipate kasoro yoyote, hata akinyonya kwa nguvu na sauti, na mwingine aliyelala na kidole kimya kimya usiku mzima akaharibika meno. Wazazi humwogopa yule wa kwanza kwa sababu wanamsikia. Huyu wetu alikuwa wa aina ya pili: mchana alinyonya mbele ya katuni na garini, usiku kidole kilikaa mdomoni kutoka kulala mpaka alfajiri.

Uwazi wa mbele una sababu mbili zinazofanya kazi pamoja. Kwanza, gumba limekaa njiani, kwa hiyo meno ya mbele yanayotaka kutoka hayawezi kushuka mpaka mwisho. Pili, mdomo ukibaki wazi kidogo saa zote hizo, magego hayagusani, nayo huendelea kutoka taratibu hadi kupita yalipopaswa kuishia. Taya ni kama mlango ambao bawaba zake ziko karibu na sikio: kabari ndogo ukiiweka karibu na bawaba, huku mwisho mlango unabaki wazi zaidi. Magego yakizidi kwa milimita 1, mbele panafunguka kama milimita 2.

Wembamba wa taya la juu unatokana na kitu kingine kabisa, na hapa ndipo watu wengi hukosea. Hudhani kwamba mtoto anavuta hewa kwa nguvu hadi kaakaa linapanda. Kilicho muhimu ni ulimi. Kwa kawaida ulimi hupumzika juu, umegusa kaakaa, na kwa kukaa hapo unayashikilia magego ya juu yasisukumwe ndani. Gumba likiingia, ulimi hushushwa chini. Wakati huo huo mashavu yanabana kwa ajili ya kunyonya. Magego ya juu yanabaki na nguvu ya nje peke yake, bila ya ndani, nayo husogea ndani mwaka hadi mwaka.

Nilihitaji pia kuhakikisha kwamba sababu ni kidole na si kingine. Mtoto mwenye nyama za puani au mafindofindo makubwa hupumua kwa mdomo, ulimi hukaa chini, na taya linaweza kubanwa vile vile. Kuna pia koo za kifamilia ambazo uso hukua mrefu na meno ya mbele hayakutani hata bila kunyonya chochote. Huyu alipumua kwa pua bila shida akiwa amefunga mdomo, hakoromi, na meno ya mama na ya bibi yalikutana vizuri. Uwazi wake ulikuwa wa duara, umefuata umbo la kidole, tena umeegemea upande wa kidole hicho. Pamoja na ile sugu, sikuwa na shaka.

Lingine lilihitaji uharaka. Meno ya juu yaliyotangulia namna ile ndiyo ya kwanza kugonga sakafu mtoto anapoanguka. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba watoto ambao umbali huo unazidi milimita 3 wana hatari ya kuumia meno ya mbele takriban mara mbili ya wenzao. Huyu alikuwa na 8, na anacheza rede kila jioni. Jino la ukubwani likivunjika akiwa na miaka 8 ni deni la maisha.

Baada ya hapo niliwaomba mama na bibi watupishe kidogo, nikazungumza na mtoto. Sikumwuliza kwa nini ananyonya, swali ambalo hana jibu lake na ameulizwa mara nyingi kwa hasira. Nilimwuliza analala na nani na anashika nini. Akasema analala peke yake tangu mdogo wake azaliwe, na anashika khanga ya mama. Nilipomwomba anionyeshe anavyoishika, mkono wa kushoto ukaanza kusugua pindo la gauni kati ya vidole viwili, na gumba la kulia likapanda mdomoni lenyewe, bila yeye kukusudia. Alipogundua akalitoa upesi na kunitazama kama anayesubiri kofi.

Hapo nilipata nilichokuwa nakitafuta. Khanga na kidole vilikuwa tabia moja. Mkono mmoja ukishika pindo, mwingine unajua pa kwenda. Nilijifunza pia kwamba pilipili na shubiri zilimfundisha jambo moja tu, kwamba kidole ni vita kati yake na wakubwa, na mtoto aliye vitani hahitaji kingine zaidi ya kitulizo chake. Bibi alipinga nilipowaeleza haya baadaye. "Samaki mkunje angali mbichi," alisema. Nilimjibu kwamba nakubaliana naye kuhusu ubichi, na mifupa ya mtoto huyu bado ni mibichi ndiyo maana tunaharakisha, ila pilipili ikifika machoni usiku ni jeraha, na aibu haijawahi kuninyooshea jino la mtoto yeyote. Kwa heshima zote, alinyamaza, na baadaye akawa msaada mkubwa kuliko wote.

Nilimwonyesha mtoto kioo, nikamwonyesha pale ambapo sini inapitia. Nikamwuliza kama angetaka kuacha. Akauliza, "Meno yatarudi?" Nikamwambia ya mbele yatarudi kiasi kikubwa akiacha kweli, kwa sababu bado yanatoka. Sikumwahidi zaidi ya hapo. Swali la kutaka au kutotaka si la adabu tu. Kwa mtoto wa umri huo, akikubali mwenyewe, nusu ya kazi imekwisha. Asipokubali, kifaa chochote utakachomwekea atakipindisha au atakizoea.

Mpango wa nyumbani ulikuwa mwepesi. Mchana, plasta kwenye gumba wakati wa katuni na wa safari, kwa ajili ya kumkumbusha tu, na aibandike mwenyewe. Usiku, bandeji ya kuvutika kwenye kiwiko cha kulia, isiyobana: mkono ukinyooka haisikiki, ukikunjwa muda mrefu inabana kidogo, na misuli ikilegea kwa usingizi mkono unashuka. Nilimfundisha mama kuivisha na kuangalia rangi na joto la vidole kabla ya kumwacha alale. Khanga haikunyang'anywa. Ilibadilishwa kazi: mama angemfunika nayo na kukaa naye mpaka asinzie, mikono yote miwili ikiwa imeshika mkono wa mama. Kalenda ikabandikwa ukutani, usiku usio na kidole unachorwa nyota, usiku ulioharibika hauchorwi kitu na hausemwi. Bibi ndiye aliyepewa kalamu.

Mchana uliisha ndani ya wiki chache. Usiku ulikuwa mgumu. Alipopata homa alirudi kunyonya kama mwanzo, na mama alinipigia akidhani kazi yote imebomoka. Haikuwa imebomoka. Mtoto mgonjwa hutafuta kitulizo, akipona unaanza tena pale pale. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2015 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalionyesha kwamba ushauri na zawadi, na pia vifaa vya mdomoni, husaidia watoto kuacha kuliko kutofanya chochote, ingawa ushahidi wenyewe bado ni hafifu. Mimi huanza na ushauri daima. Vifaa vya waya vya kuzuia kidole vipo na vinafanya kazi, lakini kuviweka kwa mtoto ambaye hajaulizwa ni kuendeleza pilipili kwa njia nyingine.

Miezi mitatu baada ya kuanza, sugu ilikuwa imelainika na gumba la kulia limepata vumbi lake. Miezi sita baadaye uwazi wa mbele ulikuwa umeshuka kutoka milimita 5 hadi 1 na nusu, na meno ya juu yalitangulia kwa milimita 5 badala ya 8. Hakuna waya iliyotumika. Midomo iliyasukuma meno ndani na meno yakamalizia kutoka, kwa sababu kilichokuwa kimeyazuia kimeondoka. Hilo hutokea mara nyingi mtoto akiacha wakati meno ya ukubwani ya mbele bado yanatoka, na hutokea kwa urahisi zaidi akiacha kabla hayajatoka.

Familia ikafurahi, na hapo ndipo kisa kilitaka kuishia. Baba, dereva wa lori ambaye muda wote alikuwa safarini, alinipigia kushukuru. Nilipomwambia kwamba sasa tunahitaji kumpeleka kwa daktari bingwa wa kupanga meno Dar es Salaam, akashangaa. "Daktari, si meno yameshafunga? Hiyo waya ya nini tena?" Swali la haki kabisa. Safari, malazi, kifaa, marudio, yote ni fedha, na kwa macho yake mtoto amepona.

Magego hayakuwa yamesogea hata kidogo. Kaakaa lilikuwa jembamba vile vile, taya lilikuwa likiteleza kushoto vile vile. Nikamwomba mama ampige mtoto picha mbili kwa simu, kutoka mbele, kichwa kimenyooka: moja mdomo ukiwa wazi kidogo, nyingine akiwa ameuma kwa magego. Akamtumia baba kwa WhatsApp. Kwenye picha ya kwanza kidevu kiko chini ya pua. Kwenye ya pili kimehama. Baba alinipigia tena jioni ile ile akiuliza tu waende siku gani. Mzazi yeyote anaweza kupiga picha hizo mbili nyumbani, na namshauri azipige kwa mtoto yeyote aliyenyonya kidole kwa miaka mingi, hata kama meno ya mbele ni mazuri.

Tofauti kati ya mbele na nyuma inaeleweka ukifuata sababu zake. Mbele, kizuizi kikiondoka, jino lina safari yake ya kutoka inayolisukuma lirudi. Nyuma, magego ya juu yakishaingia ndani ya yale ya chini yamefungiwa humo. Kila mtoto anapouma, magego ya chini yanayashikilia ndani. Yanaweza kujirekebisha kwa mtoto mdogo sana, lakini kwa mtoto wa miaka 8 ambaye magego yake ya kwanza ya ukubwani yameshakaa vibaya, kusubiri ni kuliacha taya liendelee kuteleza.

Dar es Salaam aliwekewa waya nene ya kupanua taya, inayoitwa kwodiheliksi kwa sababu ya vikunjo vyake vinne, iliyoshikiliwa na pete mbili za chuma kwenye magego makubwa ya kwanza. Haina parafujo ya kuzungushwa na mzazi. Daktari huipanua kabla ya kuifunga, nayo husukuma magego nje taratibu, na kwa mtoto mdogo mshono wa katikati ya kaakaa nao huachia kidogo. Faida nyingine kwa mtoto huyu ni kwamba waya hupita mahali gumba lilipokuwa likikaa, kwa hiyo hata usiku wa homa hapakuwa tena na nafasi. Siku za mwanzo mate yalimjaa, maneno yakawa mazito, na wali ulinasa kwenye vikunjo. Bibi alimpikia uji na ndizi laini, na mama alifundishwa kusugua kuzunguka waya kila baada ya mlo.

Ilichukua miezi mitano magego ya juu kutoka nje ya yale ya chini. Walipitiliza kidogo kwa makusudi, maana hurudi kidogo kifaa kikitolewa, na kifaa kikaachwa mdomoni miezi mingine mitatu bila kupanuliwa ili mfupa ukomae. Mtelezo wa taya uliisha wenyewe. Hakuna aliyemfundisha kuuma katikati. Taya la juu lilipotosha, hakuwa na sababu ya kulisukuma la chini pembeni.

Kitembe kilipungua lakini hakikuisha. Ulimi uliozoea kupita kwenye uwazi kwa miaka huendelea kutafuta njia ile hata ikishafungwa, na kwa watoto wengine ndio unaozuia milimita ya mwisho isizibe. Tulimfundisha kuweka ncha ya ulimi kwenye ufizi wa juu, nyuma ya meno ya mbele, anapomeza na anaposema sini, na ustadhi akalichukua zoezi hilo kama sehemu ya somo. Nisisitize kwamba watoto wengi wenye uwazi wa mbele huzungumza vizuri kabisa, na wengine wenye kitembe wana meno yaliyonyooka, kwa hiyo kitembe peke yake hakithibitishi kitu.

Kwa mzazi anayesoma akiwa na mtoto wa mwaka 1 au 2 mwenye kidole mdomoni: mwache. Anayenyonyeshwa ziwa kwa muda mrefu huwa na uwezekano mdogo wa kushika kidole, lakini akishashika kabla ya miaka 3 hakuna haja ya vita. Akifika 4, anza kutazama saa za usiku na umsifu anapolala bila kidole. Asiwe ameingia darasa la kwanza bado ananyonya bila daktari wa meno kumwona, na ukimpeleka, omba magego na kaakaa vitazamwe, usiridhike na kutazamwa tabasamu. Utafiti wa wanafunzi wa miaka 12 hadi 14 wa Kinondoni na Temeke, uliochapishwa mwaka 2009, ulikuta zaidi ya nusu yao wana kasoro ya aina fulani katika mpangilio wa meno. Si zote zinatokana na kidole, tena nyingi hazitokani nacho, ila zile zinazotokana nacho ni miongoni mwa chache ambazo familia inaweza kuzizuia nyumbani, kabla ya gharama. Nimeona familia zikikimbiza watoto wachanga kung'olewa kile kinachoitwa meno ya plastiki, ambayo ni chonge za utoto zisizo na kosa lolote, na nyumba hizo hizo zikamwacha mtoto wa miaka 9 anyonye gumba usiku kucha. Hofu hiyo ingehamishwa, watoto wengi wangesalimika pande zote mbili.

Mtoto wetu sasa ana miaka 10. Meno ya mbele yanakutana, ya juu yametangulia kwa milimita 4, magego yamekaa panapostahili na kidevu kiko katikati akiwa amefunga mdomo na akiwa ameufungua. Chapati anakata kwa mbele. Chonge zake za juu zinatarajiwa kutoka akiwa na miaka 11 au 12, na kwa kuwa taya lake lilichelewa kupata upana, sina uhakika kama nafasi itazitosha. Tumekubaliana arudi kila baada ya miezi sita, na akifika 11 apigwe eksirei ya mdomo mzima ili tuone zinaelekea wapi kabla hazijachomoza.